Hashishi, Fidia na Asasi: Dhana ya Muuaji wa Kutumwa katika Lugha, Historia na Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Tanzania, aliuawa kwa risasi katika makao makuu ya Chama cha Afro-Shirazi, Kisiwandui, Unguja. Siku hiyo imekuwa sikukuu ya taifa. Mtoto wa shule ya msingi katika kata ya Piyaya, wilayani Ngorongoro, ambaye nyumbani husema Kimaasai, hujifunza habari hiyo kwa Kiswahili, na kwa sentensi ile ile anayojifunza mtoto wa Makunduchi: Karume aliuawa. Sentensi hii ina maneno mawili tu. Mna ndani yake mtendwa na kitendo, mtendaji hayumo. Nafasi yake imeachwa wazi, na msikilizaji yeyote mwenye akili huijaza kwa swali: na nani? Akishajibiwa huongeza swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi: alitumwa na nani?

Kiingereza, Kifaransa na Kitaliano zina neno maalumu kwa mtu wa namna hii. Neno hilo, ambalo kwa Kiingereza ni "assassin", humtenga muuaji wa kiongozi na muuaji wa kawaida, na humweka jukwaani yeye mwenyewe kama mhusika mkuu. Kiswahili hakina neno moja la maana hiyo. Kamusi za lugha mbili hutoa "muuaji" kisha hulazimika kuongeza maelezo: muuaji wa kisiasa, muuaji wa kukodiwa, muuaji wa kiongozi. Wafasiri na waandishi wa habari wamezoea kuliona jambo hili kuwa pengo linalosubiri kuzibwa na wataalamu wa istilahi.

Mhadhara huu unatoa hoja tofauti. Kwanza, neno la Ulaya si chombo safi cha kitaalamu. Asili yake ni tusi lililobandikwa jamii moja ya Waislamu, na wazao wa kiimani wa jamii hiyo ni majirani wa Waswahili hadi leo. Pili, Kiswahili kimeshughulikia dhana yenyewe kwa karne nyingi kupitia njia nyingine: badala ya kumpa muuaji jina, lugha na fasihi yake zimeuliza aliaminiwa na nani, na alitumwa na nani. Hoja hizi mbili zitafuatwa katika historia ya neno, katika Utenzi wa Fumo Liyongo, katika mauaji ya kisiasa ya Afrika Mashariki na Kati ya karne ya 20 na mwanzo wa karne ya 21, na katika riwaya pendwa.

2.0 Asili ya Neno la Ulaya

2.1 Alamut na majumba ya Shamu

Mwaka 1090 Hasan-i Sabbah, mhubiri wa madhehebu ya Ismailia, aliitwaa ngome ya Alamut katika milima ya kaskazini mwa Uajemi. Miaka minne baadaye Ismailia waligawanyika kuhusu urithi wa uimamu baada ya kifo cha Khalifa al-Mustansir wa Misri, na wafuasi wa Alamut wakajulikana kama Nizari. Walikuwa wachache, wamezungukwa na dola kubwa ya Waseljuki. Hawakuwa na jeshi la kukabiliana nayo uwandani. Silaha waliyoitumia, pamoja na ngome zao, ilikuwa kuwaua viongozi wa maadui mmoja mmoja. Mwaka 1092 Nizam al-Mulk, waziri mashuhuri wa Waseljuki, aliuawa na mtu aliyemjia katika mavazi ya kisufi. Mwaka 1192, katika mji wa Tiro, Conrad wa Montferrat, aliyekuwa ameteuliwa kuwa mfalme wa Jerusalemu, aliuawa na watu wawili waliojifanya watawa wa Kikristo.

Mbinu hiyo haikuwa yao peke yao. Waseljuki, Wakristo wa Vita vya Msalaba na wengine walikuwa wakiuana kwa hila pia. Lakini Nizari walikuwa wachache na waliogopwa, na kwa sababu hiyo kila mauaji ya siri yalisemwa kuwa yao. Alamut iliangushwa na Wamongolia mwaka 1256, na ngome za Shamu zikatwaliwa na Sultani Baybars wa Misri kufikia mwaka 1273. Kwa hiyo Marco Polo alipopita Uajemi katika miaka ya 1270, na kurudi na kisa cha Mzee wa Mlima aliyewalevya vijana na kuwaingiza katika bustani iliyofanana na pepo, alikuwa akisimulia habari za watu ambao dola yao ilikwisha kuvunjwa. Kisa hicho ndicho Ulaya ilichokipenda. Mwanzoni mwa karne ya 14 Dante alikuwa tayari akilitumia neno hilo kwa maana ya muuaji wa kulipwa, bila kumkumbuka Muismailia yeyote.

2.2 "Mvuta bangi" kama tusi

Mwaka 1809, mjini Paris, mtaalamu wa Kiarabu Silvestre de Sacy alithibitisha kwamba neno la Ulaya linatokana na Kiarabu "hashishi", wingi wake "hashishiyya", yaani watu wa hashishi. Ugunduzi huo ulikuwa sahihi kwa upande wa umbo la neno. Kwa upande wa maana ulizaa kosa lililodumu: ilidhaniwa kwamba, kwa kuwa waliitwa watu wa hashishi, basi walivuta hashishi kabla ya kwenda kuua.

Mtaalamu wa historia ya Ismailia, Farhad Daftary, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu ngano hizi, ameonyesha kwamba jina hilo linaonekana katika waraka uliotolewa Misri yapata mwaka 1123, wakati wa Khalifa al-Amir, kuwashutumu Nizari wa Shamu. Waraka hauelezi kwamba walikuwa wakitumia kileo hicho. Unawaita hivyo kama mtu anavyomwita mwenzake mhuni.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji kusadikishwa sana juu ya jambo hili. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, anayeambiwa "wewe mvuta bangi" hajapimwa damu. Ameambiwa kwamba maneno yake hayana maana, kwamba hana adabu, kwamba ni wa tabaka la watu wasiostahili kusikilizwa. Mbunge anayewaita waandamanaji "wavuta bangi" hatoi ushahidi wa kitabibu. Anawavua heshima ili hoja zao zisijibiwe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika Kiarabu cha karne ya 12. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 waliosoma tusi hilo kama taarifa walikosa sikio la mtaani, sikio ambalo lugha hai humpa msemaji wake bila gharama. Hapa isimujamii ya Kiswahili inaweza kuangaza historia ya neno la mbali, kwa kuwa matumizi ya lugha katika kudhalilisha hufanana sana mahali na mahali.

3.0 Mizizi ya Kiarabu na Jamaa Zake katika Kiswahili

3.1 Fidia na mhanga

Nizari wenyewe hawakujiita hashishiyya. Aliyetumwa kufanya kazi hiyo waliita "fidai", yaani anayejitoa nafsi yake kuwa badala. Mzizi wa neno hilo la Kiarabu ndio mzizi wa neno la Kiswahili "fidia". Katika Kiswahili fidia ni malipo ya kumtoa mtu kifungoni, au ya kurudisha haki ya aliyedhulumiwa: fidia ya ardhi, fidia ya ajali, fidia ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Mkulima anayefuatilia fidia katika ofisi ya wilaya na kijana wa Alamut aliyemjia waziri akiwa na kisu wanakutana katika mzizi mmoja. Wote wawili wanahusika na wazo la kitu kinachotolewa mahali pa kingine. Tofauti ni kwamba Kiswahili kililipokea neno hilo kwa upande wa haki na malipo, na upande wa kujitoa nafsi kikauachia neno jingine.

Neno hilo ni "mhanga". Kujitoa mhanga kulikuwa, katika lugha ya siasa ya miaka ya ukombozi, sifa ya juu kabisa. Aliyejitoa mhanga kwa ajili ya nchi yake alistahili heshima. Baada ya mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, na hasa baada ya Septemba 2001, vyombo vya habari vya Kiswahili vililitumia fungu lile lile kwa anayejilipua ili aue: mshambuliaji wa kujitoa mhanga. Wakati huo huo, waliokufa au kujeruhiwa katika mkasa nao huitwa "wahanga". Neno moja linambeba shujaa, muuaji na aliyeuawa. Mabadiliko haya yanafanana kwa karibu na yale yaliyolipata neno "fidai", ambalo kwa wengine lilikuwa sifa na kwa wengine hofu. Yanaonyesha pia kwamba lugha inapomtaja anayeua akiwa tayari kufa, huona ugumu kumtenga na anayekufa kwa ajili ya wengine.

3.2 Asasi

Ipo nadharia nyingine ya asili ya neno la Ulaya, iliyopata umaarufu kupitia riwaya ya Amin Maalouf iitwayo Samarcande, iliyotoka mwaka 1988. Kwa nadharia hiyo, neno hilo halitokani na hashishi bali na "asas", yaani msingi, na maana yake ni watu walioshikamana na misingi ya dini. Neno "asas" lina nafasi yake katika mafundisho ya Kiismailia, na kwa hiyo dhana hiyo inavutia. Hata hivyo, nyaraka za karne ya 12 zinaonyesha umbo la "hashishi" waziwazi, na wataalamu wengi hawaikubali.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, nadharia hii ina ladha ya pekee. "Asas" ya Kiarabu ndiyo "asasi" ya Kiswahili, na kutoka mzizi huo huo limepatikana pia neno "taasisi". Tangu miaka ya 1990 asasi limekuwa neno la kila siku la mashirika ya kiraia, na mtu asemaye yuko asasini anasema yuko kwenye shirika lake. Sasa, iwapo mwanaistilahi atalitohoa neno la Kiingereza kwa kufuata kanuni za matamshi ya Kiswahili, atapata hasa "asasini". Sentensi "asasini ameonekana" na sentensi "ameonekana asasini" zitatofautishwa na mpangilio wa maneno tu, na ya pili itamhusu mhasibu aliyewahi kazini. Huu ni mchezo wa maneno, lakini una funzo la kitaaluma. Mtohoaji anayelitazama neno la kigeni peke yake, bila kutazama nyumba linamoingia, hujikuta ameliingiza katika chumba chenye mwenyewe.

4.0 Jamii Iliyobandikwa Jina

Swali la neno hili lingekuwa la kamusi tu iwapo waliobandikwa jina wangekuwa wametoweka. Hawakutoweka. Uimamu wa Nizari uliendelea Uajemi, na katika karne ya 19 imamu wao, Hasan Ali Shah, aliyepewa cheo cha Aga Khan na mfalme wa Uajemi, alihamia India. Mwaka 1866 Mahakama Kuu ya Bombay iliamua shauri kati yake na baadhi ya Makhoja waliokataa mamlaka yake. Ili kuamua kama Makhoja walikuwa Nizari, ilibidi mahakama isimulie historia yao, na katika kuisimulia jina la "Assassins" liliingia katika kumbukumbu za sheria za dola ya Kiingereza. Uamuzi ulimpa Aga Khan haki yake, lakini uliubeba pia ule uchafu wa zamani.

Makhoja wakati huo walikuwa wamekwisha kuhamia Zanzibar na pwani kwa wingi. Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, alizuru Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1899, na mwaka 1905 katiba ya jamii yake ilitolewa Zanzibar. Mwezi Agosti 1946 alipimwa kwa almasi mjini Dar es Salaam, na jina la Ukumbi wa Diamond Jubilee, Upanga, linakumbusha jubilei hiyo. Mjukuu wake, Karim Aga Khan wa Nne, alitawazwa katika mji huo huo tarehe 19 Oktoba 1957, na aliongoza jamii hiyo hadi alipofariki mwezi Februari 2025, akafuatwa na mwanawe, Rahim Aga Khan wa Tano. Kiswahili kimewapokea kwa majina ya kawaida kabisa: Waismailia, Makhoja, na mahali pao pa ibada Jamatini. Hakuna mpita njia wa Dodoma au Dar es Salaam anayelisikia jina la Jamatini akafikiria visu.

Kuna kinaya cha historia katika jambo hili. Aga Khan wa Nne ndiye aliyeanzisha kampuni ya magazeti ya Nation nchini Kenya, na Taifa Leo, gazeti la Kiswahili la kila siku la kampuni hiyo, lilikuwapo mitaani tangu mwaka 1960. Kwa hiyo, katika miaka ambayo Kenya ilipoteza viongozi wake kwa risasi, Wakenya wengi walisoma habari hizo kwa Kiswahili katika gazeti lililoanzishwa na imamu wa jamii ambayo jina lake la kutukanwa ndilo Kiingereza kilichokuwa kikilitumia kuwaitia wauaji. Msomaji wa Kiswahili hakukutana na tusi hilo. Lugha yake haikuwa imelichukua.

5.0 Fumo Liyongo: Muuaji Aliye Mwana

Kama Kiswahili hakikulipokea neno hilo, je, dhana yenyewe ilikosekana? Jibu limo katika kisa mashuhuri kuliko vyote vya fasihi ya pwani. Habari za Fumo Liyongo zilichapishwa na Edward Steere mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi, ambao baadaye ulihaririwa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1973 na kuingizwa na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Katika toleo la Kijumwa kuna majaribio ya kumwua Liyongo, na mpangilio wake una maana.

Jaribio la kwanza linapitia wageni. Sultani wa Pate anapanga na watu wa msituni wamwue Liyongo wakati wa kula makoma kwa zamu: zamu yake ya kupanda mkoma itakapofika, watampiga mishale akiwa juu. Liyongo hapandi, anayaangusha makoma kwa mishale yake, na hila inavunjika. Baadaye anafungwa gerezani akingojea kuuawa, naye anajiokoa kwa fumbo. Kwa wimbo wa mafumbo anampelekea mama yake ujumbe kupitia kijakazi Saada: atengenezwe mkate mzuri na mkate wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa iwekwe tupa. Walinzi wanakula mkate mzuri, wanamwachia mfungwa wishwa. Usiku wa ngoma ya gungu, kelele zinapofunika sauti ya tupa, minyororo inakatwa.

Wageni wameshindwa na gereza limeshindwa. Sultani anatambua sasa kwamba anayeweza kumfikia Liyongo ni yule tu ambaye Liyongo hawezi kumfungia mlango. Anamwita mwana wa Liyongo, anamkirimu, anamwahidi cheo na binti yake, kisha anamtuma akaulize ni kitu gani kinachoweza kumwua baba yake. Liyongo analifumbua swali hilo mara moja na anajua limetoka wapi. Hata hivyo anajibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Mwana anarudi Pate, anapewa sindano, na anamchoma baba yake usingizini. Liyongo anaamka, anatwaa upinde wake, anapiga goti penye kisima na kufa akiwa ameuvuta mshale, na watu wa mji wanakaa siku kadhaa wasithubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Mwana hapati binti wala cheo. Anafukuzwa, anakimbilia kwa watu wa mama yake, na huko anaugua na kufa.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa. La kwanza ni kwamba fumbo linaokoa na jibu la wazi linaua. Liyongo mshairi, aliyewashinda walinzi kwa wimbo, anaacha usanii wake wote mbele ya mwanawe, kwa sababu baba hamfumbii mwana jambo la uhai. Kifo chake kimo katika kuamini, na utenzi haumwoni kuwa mjinga kwa kuamini. La pili ni kwamba muuaji hapewi cheo cha muuaji. Anabaki mwana na kijana hadi mwisho, na ubaya wa kitendo chake hauhitaji neno jingine zaidi ya hilo la "mwana". La tatu ni kwamba utenzi unamfuata aliyetuma kwa makini kuliko unavyoifuata sindano. Msomaji anaijua ahadi ya sultani, hesabu yake na namna anavyoivunja. Huu ndio muundo wa dhana ya Kiswahili: aliyetuma, aliyetumwa, na imani iliyotumiwa kuwa njia. Methali inaukusanya kwa ufupi: kikulacho ki nguoni mwako.

Lugha yenyewe inaunga mkono muundo huu. Kutoka kitenzi "tuma" Kiswahili kinapata mtumishi, mtume na mtumwa. Aliyetumwa anaweza kuwa mtu wa heshima kuu au mtu asiye na hiari. Kinachoamua ni nani aliyemtuma na kwa kazi gani. Methali nyingine husema mjumbe hauawi. Haisemi kwamba mjumbe haui, na katika nafasi hiyo iliyoachwa na methali ndipo mwana wa Liyongo aliposimama.

6.0 Karne ya Risasi: Nani Aliyetuma?

Historia ya karibu imeupa muundo huo ushahidi mzito. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini Dar es Salaam alipofungua kifurushi kilichoonekana kuwa cha kitabu, kumbe kimetegwa bomu. Kwa msomi, hakuna kitu kinachopokelewa kwa imani zaidi ya kitabu. Miezi mitano baadaye, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya jiji la Nairobi. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kifo kwa kosa hilo. Lakini neno linalokumbukwa hadi leo nchini Kenya ni lile linalosemekana kuwa lake, alipouliza kwa nini hawamwendei mtu mkubwa. Muuaji alipatikana na swali likabaki. Jina la Njenga limefifia. "Mtu mkubwa" amebaki katika mazungumzo kama kivuli kisicho na mwenyewe.

Kwa upande wa Karume, waliompiga risasi walijulikana, wakiongozwa na Luteni Humud Mohamed Humud. Wako wanaoeleza kitendo hicho kuwa kisasi cha mtoto kwa ajili ya baba yake, na wako wanaokieleza kuwa sehemu ya njama ya kupindua serikali. Lililo muhimu kwa mhadhara huu ni jina la kesi iliyofuata Zanzibar mwaka 1973 na 1974. Iliitwa, na bado huitwa, kesi ya uhaini. Uhaini ni neno la sheria, lakini mzizi wake wa Kiarabu ni ule ule wa khiana, yaani kuvunja amana. Miongoni mwa waliohukumiwa kifo alikuwamo Abdulrahman Mohamed Babu, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini Tanzania Bara. Aliachiliwa mwaka 1978. Wapo walioona haki na wapo walioona dhuluma katika hukumu hizo, na mjadala huo haujafungwa. Kiisimu, hata hivyo, jambo moja ni dhahiri: serikali nayo, kama mtunzi wa Lamu, ililipa jina tendo la kusaliti kabla ya kulipa jina tendo la kuua. Hapa pana hatari pia. Neno linalomtafuta aliyetuma lina mikono mirefu; likishikwa na wenye nguvu, linaweza kuwafikia wasiomtuma mtu.

Tarehe 16 Januari 2001 Laurent-Désiré Kabila aliuawa mjini Kinshasa, ndani ya ikulu, na mlinzi wake. Kijana huyo, inavyoelezwa, alikuwa mmoja wa askari waliojulikana kwa jina la Kiswahili la "kadogo", waliojiunga na vita wakiwa watoto na waliomwita Kabila "Mzee". Mtu aliyesoma Liyongo hakuhitaji ufafanuzi. Aliyeitwa mzazi aliuawa na aliyeitwa mtoto, na kwa mara nyingine dunia ikabaki ikiuliza sindano ilitoka Pate ipi.

7.0 Utamaduni Pendwa na Tafsiri

Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa toleo lililosahihishwa kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia hiyo ndiyo maarufu kuliko zote kuhusu kuuawa kwa kiongozi, na mara nyingi husahauliwa kwamba Shakespeare hakulitumia ndani yake neno "assassin". Nomino ya kitendo inayotokana na neno hilo ameitumia mara moja tu katika kazi zake zote, katika Macbeth. Kaizari anaangamizwa na rafiki, na uzito wa tamthilia uko katika urafiki huo. Ndiyo maana ilihamia Kiswahili bila kukwama: wasomaji wake walikuwa wamemzoea Liyongo.

Riwaya za upelelezi zilifuata njia hiyo hiyo. Elvis Musiba, kupitia mhusika wake Willy Gamba, aliandika juu ya majasusi na wauaji waliotumwa kuhujumu ukombozi wa kusini mwa Afrika, jambo ambalo wakazi wa mji aliouawa Mondlane hawakuliona kuwa ndoto. Tazama majina ya vitabu vyake: Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu. Hakuna kinachomtaja muuaji. Vinataja mpango, sababu na athari. Ben Mtobwa alipotaka kumkaribia muuaji mwenyewe, alichagua kitenzi: Najisikia Kuua Tena.

Katika miaka ya karibuni picha imegeuka. Riwaya ya Vladimir Bartol, Alamut, ya mwaka 1938, ilichangia kuzaa mchezo wa kompyuta wa Assassin's Creed, uliotoka mwaka 2007 na kufuatiwa na mfululizo mrefu. Humo muuaji ni shujaa, ni steringi, kama wasemavyo watazamaji wa vibanda vya video, na aliyemtuma ni pazia la nyuma tu. Vijana wa mijini wanaolijua neno la Kiingereza kupitia mchezo huo hawajui kwamba lilikuwa tusi. Wala haina maana kuwalaumu, kwa kuwa mitaa yao inacheza mchezo kama huo kwa neno jingine la muuaji wa siri. Mwanamke anayefunika uso kwa nikabu huambiwa amevaa "kininja". Mwenye kusema hucheka, na hakusudii kumwita muuaji. Hata waliosema "hashishi" mwaka 1123 pengine walicheka. Tusi la mzaha likiachwa muda wa kutosha hupoteza mzaha na kubaki jina, kisha jina hutafutiwa kisa cha kulithibitisha.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kukosekana kwa neno moja la "assassin" katika Kiswahili si dalili ya upungufu. Neno la Ulaya lilianza kama namna ya kuwaita watu wavuta bangi, likageuzwa kuwa historia yao, na hatimaye likawa istilahi. Kiswahili kilichukua kutoka ghala hilo hilo la Kiarabu fidia na asasi, maneno ya haki na ya kujenga. Habari ya kuuawa kwa viongozi kikaieleza kwa kitenzi, kwa nafasi iliyoachwa wazi, na kwa maneno ya imani iliyovunjwa: usaliti, njama, hila, uhaini.

Wanaotunga istilahi na kufasiri habari, kwa hiyo, hawana sababu ya kutohoa. "Muuaji wa kutumwa" ni fungu la maneno matatu ambalo mtoto wa Piyaya na mtoto wa Makunduchi wataelewa sawasawa, halimtukani jirani yeyote, na lina ndani yake swali ambalo neno la Ulaya limelizika. Aliyetumwa ametumwa na mtu. Maadamu lugha inaendelea kulisema neno "kutumwa", mahakama, mwanahistoria na msomaji wataendelea kukumbushwa kwamba kumpata mwenye sindano si mwisho wa upelelezi.